Kompyuta Iliyolia Mara Tatu

Ifrah mjukuu wangu,

Assalaamu alaykum. Sisi hapa Waberi tu wazima, alhamdulillahi, na mbuzi wa mama yako amezaa mapacha.

Umeniuliza kama uitupe kompyuta yako kwa kuwa inalia tu bila kuwaka. Usiitupe.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa shule hapa Garissa. Kompyuta yetu ya kwanza ililetwa na lori kutoka Isiolo. Tulipoiwasha, kioo kilibaki cheusi, ikalia mara tatu, ikanyamaza.

“Imekufa,” akasema mwalimu mkuu. “Irudi na lori lile lile.”

“Mwalimu, mimi ni binti wa wafugaji,” nikamjibu. “Mnyama anayelia hajafa. Anakuambia panapouma.”

Kijitabu kilichokuja na kompyuta kilisema milio mitatu ni hitilafu ya kadi ya memori. Nikachomoa waya wa stima, nikaufungua ubavu wa kompyuta. Kweli, safari ya lori katika barabara mbovu ya Modogashe ilikuwa imeitikisa kadi ile mpaka ikalegea. Nikaikandamiza hadi ikaingia sawasawa. Nilipowasha, ililia mara moja tu, na kioo kikajaa maandishi.

Tangu siku ile hakuna aliyeniita karani tena.

Sasa niambie, yako inalia mara ngapi?

Ayeeyo wako,
Daktari wa Kompyuta