Funguo Ninazo Mimi

Baba watoto,

Usitafute funguo za gari, nimeondoka nazo zote mbili. Chai iko kwenye chupa. Hema liacheni hapo hapo barazani.

Asubuhi, wewe ukiwa bado umelala, nilirudisha gari nyuma hadi mlangoni nipakie hema. Kifaranga wetu, kitinda mimba, alisimama nyuma, amekumbatia mito, ananiongoza: “Njoo, mama, njoo!” Nikakanyaga breki, ikazama mpaka chini kama nimekanyaga matope. Nikavuta ya mkono kwa nguvu zote. Gari likasimama shubiri moja tu kutoka magoti yake. Akacheka, akadhani namtania.

Jana si ulisema, “Breki nimetengeneza mwenyewe, fundi wa nini?” Na leo tungeshuka ule mteremko wa maporomoko ya maji, sote sita.

Nimekwenda kwa miguu kumleta fundi. ~~Nitarudi saa nne.~~ Sirudi bila yeye. Mpigie dada yako, mwambie tutachelewa kufika kwake kupiga kambi. Nisingizie mimi, nimezoea.

Nuna utakavyo. Lakini Kifaranga hajui lolote. Ukimaliza kusoma, mkumbatie, usimwambie kwa nini.

Mama watoto