Ukuta wa Jiko Usiguswe

Shikamoo Mama,

Huku Babati kuna baridi na samaki watamu wa ziwani, lakini nakuandikia kuhusu picha niliyoiona kwenye maonyesho. Dada mmoja wa kijiji cha Nakwa ameichora kwa udongo mwekundu, majivu na samadi, bila rangi ya dukani. Nikapitisha vidole kwenye mistari yake.

"Dada, picha haiguswi!" mchoraji akafoka.

"Samahani, nimezoea. Mama yangu hupaka jiko letu hivihivi kila Krismasi."

Akaniomba aje alione jiko hilo. Nikamwambia karibu sana.

Kwa hiyo Mama, yule fundi wa saruji niliyekutafutia akija, mpe chai aende zake.

Mungu akutunze, wewe na ukuta wako.

Mwanao,
Neema