Mjukuu Wetu Amevishwa Shali ya Waskoti

Baba Kamau mpenzi,

Jua la Saint Paul hapa Marekani linachoma utadhani Machakos, lakini mimi nachemka kwa mengine. Leo mwanao alitupeleka kwenye sherehe ya Waskoti, kila ukoo na hema lake. Mzee aliyevaa sketi akamuuliza mjukuu wetu jina la ukoo. "Duncan," akajibu. Kumbe ni jina la Waskoti pia! Basi akakumbatiwa kama mtoto aliyepotea, akavishwa shali! Kamau anapiga picha, anacheka.

"Duncan ni jina mmishonari alilombatizia babu yako," nikamwambia. "Nyinyi ni Wakikuyu wa ukoo wa Ambui!"

"Mama, ni shali tu."

Shali tu! Mzee yule anajifunza Kigaeli uzeeni ili lugha ya bibi zake isife. Akamwamkia mtoto kwa Kigaeli, kisha akamwomba amwamkie kwa lugha ya kwao. Mtoto akanitazama mimi. Nyumbani tuna Kikuyu, Kikamba na Kiswahili, na yeye, aliyepewa jina langu, hana hata kimoja!

Kunywa dawa zako. Jumapili ukipiga simu, usimsemeshe mtoto kwa Kiingereza. Akinyamaza, ngoja. Akilia, ngoja. Nitakuwa nimemshikia simu.

Wako,
Mwende mkubwa