Kanga ya Mama

Jumamosi, baada ya isha

Hata mstari mmoja hakuusema kama nilivyouandika. Nimekesha wiki tatu nikiugeuza ule mchezo wa kale wa bwana bahili uwe wa siku hizi, mtumishi nimempa simu na bodaboda. Halafu Salma, mwalimu mwenzangu niliyempa nafasi ya mtumishi, anapanda jukwaani, anasahau maneno yote, anaanza kuwatania watu wa mbele kwa Kindengereko!

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja akamjibu papo hapo, naye akamrudishia. Na mimi, bwana bahili mwenyewe, nimesimama pale na kanzu na ndevu za usumba wa nazi, nangoja nafasi ya kusema. Nikisema, watu wanakohoa.

Kisha akina mama wakainuka kumtunza. Wa kwanza alikuwa mama yangu, aliyetoka Dimani kwa ajili yangu. Alivua kanga aliyojitanda, ile niliyomnunulia Idi, akamvisha Salma mabegani. Mimi alinipita kama anapita nguzo.

Najua wivu haufai. Salma ana kipaji, haya, nimeandika. Ila...

Nyumbani nimemkuta Mama bado anacheka peke yake, amebaki na kile kipande cha kiunoni. Nikamuuliza mchezo ameuonaje.

"Mzuri, mwanangu. Ila yule mzee wa ndevu alinichosha, kila saa anamkatiza mwenzie. Na wewe ulikaa wapi? Nilikutafuta nikupungie mkono."

Usumba bado unaniwasha kidevuni.