Betri Isiyotiwa Maji

Kaka Hamisi, shikamoo. Huku Ukunda ni mzima, alhamdulillahi.

Betri mpya ya msikiti naituma na gari la Samburu, na kadi hii nimeifunga juu yake uisome kwanza. Nilimwuliza fundi, "Maji yanatiwa wapi?" Akacheka. "Shangazi, hii ni lithiamu. Ukiitia maji umeiua." Akanionyesha tumbo la nyingine iliyokufa: unga mweusi umepakwa juu ya karatasi ya shaba nyembamba kama ganda la kitunguu, ukakaushwa, ukavingirishwa kama mkeka. Nimetazama weee, sijaelewa. Kitu kikavu hivyo kitaibebaje adhana?

Lakini nakujua, kila Alhamisi mkono wako hauachi chupa ya maji ya betri. Alhamisi hii ushike tasbihi, utuombee mimi na betri.

Dadako akupendaye,
Mwanasiti