Miguu Sita Chini ya Gogo

Old Moshi, 14 Mei 2023

Kaka Remigius,

Shikamoo. Ukungu umeshuka hadi migombani, nyumba ni kama inaelea.

Jana niligeuza lile gogo bovu uliloleta, ambalo baba alikufukuza kwa ajili yake akidai limezaa fukusi wa migomba. Chini yake mabuu meupe yamelala yamejikunja. Nikahesabu miguu sita. Buu la fukusi halina miguu.

Nikamwonyesha baba kiganjani.

“Hesabu tena, Hilda.”

Tukahesabu, yakijigeuza polepole kama usingizini.

“Kumbe yanakula gogo tu! Miaka mitatu nimemsingizia mwanangu.”

Akaenda mpakani mwa shamba, akachuma jani la isale la kuombea msamaha.

“Mpelekee. Anajua halikataliwi.”

Limo humu, kaka. Nimelikunja mara moja tu, lisivunjike.

Mdogo wako,
Hilda