Nimenaswa na zege la mama mkwe

Mwenzangu, usinicheke. Nimekwama kwenye kona ya jiko jipya la mama mkwe, zege bichi mbele yangu.

Fundi aliniambia. Aliniambia kabisa, "Anza kusambaza kutoka ukuta wa mbali, urudi nyuma kuelekea mlangoni." Alipokwenda kuosha toroli, mimi nikaanzia mlangoni.

Mlangoni, ndugu yangu.

Nageuka, njia hakuna. Dirisha lina nondo.

Nikamwuliza fundi, nikanyage tu? Akasema, "Ukikanyaga, utalirudia peke yako. Tulia likaze."

Eti nitulie.

Sasa mama mkwe kaweka kiti mlangoni, kakaa. Anasema, "Mwanangu, leo huna pa kukimbilia. Haya, niambie kwa nini binti yangu karudi kulala kwangu."